Tulikataa Kulala kwa Mkwe

Admin, jina langu lifunike kabisa, tafadhali. Mimi ni bibi kizee wa miaka themanini, mwalimu mstaafu, naishi Kisumu. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu niliyonunuliwa na mjukuu wangu, na huyo mjukuu ndiye sitaki aisome hii. Wenye matusi mningoje nimalize, mtanitukana vizuri.

Mwaka wa tisini na nne mume wangu alistaafu reli, na mimi nikaacha chaki mapema ili nimfuate. Tukasema tumelea, tumesomesha, sasa na sisi tutembee. Tukapanga na rafiki yangu Mama Rose na mzee wake, wastaafu kama sisi: wiki nzima kando ya ziwa, polepole, kwa Peugeot yetu kuukuu. Wenzake kazini walikuwa wamemuaga mume wangu kwa chupa nne za divai ya mapapai, tukazifunga kwa leso zisivunjike. Kisian tulishuka tukala samaki. Maseno tukapiga picha kwenye alama ya ikweta kama wazungu, mume wangu amesimama mguu huku na mguu kule. Sijawahi kucheka vile tena.

Siku ya tatu tukafika ufuoni, mbele ya Bondo, alikoolewa binti yangu wa pekee. Nitamwita Akinyi. Alitoka amejifunga leso mpaka kwenye nyusi, jicho moja limefura likafunga. "Nimegongwa na mlango, Mama." Nimefundisha watoto miaka ishirini na saba, uongo naujua. Mumewe, mvuvi mwenye mashua tatu, alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi. Akachinja kuku, akasimama mbali nami kwa heshima, vile mkwe anapaswa.

Tukiwa tunakula nikasikia kishindo nyuma ya jikoni. Nikainuka. Nikamkuta mkwe anampiga mtoto wangu mgongoni kwa kasia, eti kuku amekosa chumvi! Akinyi hakupiga kelele, alikuwa ameuma leso. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa ameshika sketi yake, na kila pigo lilimtikisa yeye pia. Mume wangu alinipita mbio, akamshika yule mtu shingo, akamgonga kichwa ukutani mara mbili. Mimi, mimi mwenyewe, ndiye niliyemvuta mume wangu shati mpaka likapasuka. "Baba Akinyi, wacha! Utampiga mkwe? Unataka chira ituingilie?" Chira kwetu ni ile laana inayomfuata mtu akivunja mwiko. Mkwe akapiga magoti, damu puani, akaomba msamaha. Tukakubali. Wajinga sisi.

Jioni Akinyi alinishika mkono karibu na gari. "Mama, laleni hapa leo. Leo tu. Mkiwa ndani hawezi kunigusa."

Mume wangu alikuwa ameshafungua buti ashushe mizigo. Lakini kwetu Wajaluo mzazi hawezi kulala kwa nyumba ya mkwe wake, hata mtoto anajua. "Mwanangu, haiwezekani," nikamwambia. "Tuko tu hapo gesti. Asubuhi tutakuja kunywa chai."

Mama Rose akasema, "Basi twende naye."

Nikamjibu kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kulala gesti mumewe akiwa nyumbani, watu watasema nini? Nikafunga buti kwa mkono wangu. Akinyi alibaki amesimama pale, hata hakunipungia.

Gesti tulifungua divai. Nilikunywa glasi mbili nikiangalia ziwa, nikasema Mungu ni mwema.

Asubuhi tulikuta majirani wamejaa mlangoni. Kasia lilikuwa limevunjika vipande viwili. Uso wa mtoto wangu sikuutambua, nilimtambua kwa miguu. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye damu ya mamake, ananyonya kidole. Mume wangu alichukua spana ya magurudumu, akateremka ufuoni, akamkuta yule mtu anasukuma mashua atoroke. Alimvunja mkono, kisha goti. Niliusikia mfupa. Safari hii sikumvuta shati. Uwi, nilitaka afe! Ndugu zake ndio walimnyakua, wakamtupa ndani ya mashua, wakamvusha Uganda. Polisi walikuja wakaandika, hawakumpata.

Mume wangu hakunilaumu hata siku moja. Ila hakuniita tena Mama Akinyi. Aliniita "Mwalimu" mpaka siku nilipomzika.

Mjukuu nimemlea kwa uji na uongo: mama yako alikufa kwa malaria, baba yako alizama ziwani. Sasa amepita thelathini na anataka kuoa. Mwezi jana baba yake amerudi, mzee, anachechemea, mkono umepinda. Amempigia simu: "Njoo nikuonyeshe pa kujenga." Kwetu mwanaume hajengi kwa kina mamake, anajenga kwa babake, kwa hivyo kijana alilia kwa furaha. Hakunikasirikia hata kidogo. "Dani, labda hata wewe ulidanganywa," akaniambia; dani kwetu ndiye bibi. Jumamosi anaenda, na anataka nikae siti ya mbele. "Tutaenda polepole, dani. Tutasimama Maseno nikupige picha kwenye ikweta."

Wanangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nikinyamaza, atakula sahani moja na aliyemuua mamake, na nyumba yake atainua pale pale alipofia. Nikisema, naogopa, maana hasira ya babu yake anayo, na spana iko kwenye buti. Tena hilo silo linaloninyima usingizi. Najua hata kabla sijamaliza kusimulia ataniuliza, "Dani, na nyinyi usiku huo mlilala wapi?" Nimjibu nini?