Kikombe cha Askari Capers

Asubuhi ya kumbukumbu ya mashujaa, Ernestine Capers alifika makaburini akakuta kaburi la babu wa baba yake limefagiliwa, tupu kama kiganja. Babu huyo, Prince Capers, alitoroka utumwani, akavaa sare ya jeshi la Marekani, akapigania uhuru wa Weusi wenzake. Kwa desturi ya visiwa hivi vya Carolina, kaburini pake paliwekwa makombe ya konokono wa pwani na kikombe alichonywea mara ya mwisho, kimevunjwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Sisi, bibi," alijibu Rollin, kiongozi wa watu wa kujitolea kutoka mjini, akitabasamu. "Tumezoa takataka zote. Mzee kapendeza, eti?"

"Takataka ni hiyo kofia yako! Kila mwaka nawaeleza, na kila mwaka mnazoa!"

Lori la taka lilikuwa likinguruma langoni. Ernestine alipanda na viatu vyake vya kanisani, akachakura magunia mpaka akakipata kikombe.

"Aa, kumbe kimevunjika," Rollin alisema. "Nipe nikakiunge kwa gundi."

"Gundi! Mwanangu, kilivunjwa makusudi, ili kifo kikatike, kisimfuate mwingine wa nyumbani. Sasa wewe unataka tuzikwe wote?"

Vipaza sauti vilianza kuwaita watu kwenye hotuba, naye Rollin akageuka kwenda. Ernestine akamshika mkono, akamwonyesha safu nzima ya makaburi yaliyofagiliwa.

"Hotuba baadaye. Panda lorini, ukawatafutie na wenzake Prince vyombo vyao."