Ndakala juu ya Kapo

Mimi ni mpaka rangi, na hapa sitajishusha. Kutoka Baraka hadi Kazimia, ukiona boti ambayo rangi yake haijabanduka, uliza, utaambiwa ni mkono wangu. Kwa hiyo nilipoamua kuifufua gari ya marehemu baba, sikuona cha kuniogopesha.

Ni gari ya Amerika, milango miwili, pua ndefu, silinda nane. Baba aliinunua Kalemie ikaja kwa boti, nyekundu kabisa, na Baraka nzima ikatoka kuitazama. Siku hiyohiyo alituma salamu kwa shemeji zake, kaka za mama, kule Fizi mlimani: dada yenu atakuja kuwasalimia ndani ya gari. Wakajibu kwamba wanangoja. Kabla ya safari hiyo vita ikaja, tukavuka ziwa, na baba akafia ng'ambo. Tuliporudi, magurudumu yalikuwa yamechukuliwa, viti pia, vioo pia. Mwili wa gari ulikuwa bado nyuma ya nyumba na moteri yake ndani, umepoteza rangi.

Wajomba zangu ni watu wa utani. Kila mama alipopanda Fizi kwa pikipiki, walimuuliza gari imekwama wapi. Miaka na miaka, utani uleule! Mama alikuwa anacheka nao, halafu akirudi nyumbani anakaa siku mbili bila kusema na mtu. Basi mjomba mkubwa alipotangaza ndoa ya binti yake, mama alisema neno moja tu.

"Miye nitaenda na gari ya bwana yangu, ama siendi."

Arusi ilikuwa imebakiza miezi minne. Nilimleta fundi wa moteri za boti kutoka Kazimia, mtu mwenye mikono ya dhahabu na mdomo mchafu, na siku moteri ilipounguruma mbuzi wa jirani walikata kamba. Magurudumu, viti na vioo nilivinunua kimoja kimoja. Mwili niliushika mwenyewe. Nilikata chuma kilichooza, nikachomelea, nikaweka mastiki ya kuziba mashimo, nikapiga msasa mpaka vidole vikapoteza alama. Siku ya kwanza ya msasa mama alipita na ndoo yake, akaigonga kapo, ule mfuniko wa moteri, akasema, "Papa, mwanangu, uioshe kwanza na majivu."

Nikacheka. "Mama, hii ni gari, haiko sufuria."

Aliondoka na ndoo yake. Ningejua!

Jumatano ya wiki ya arusi, asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, nilianza kupiga rangi kwa pistole, bomba la kupulizia. Milango ikakubali. Ubavu ukakubali, unang'aa mpaka najiona meno. Nikafika kwenye kapo. Rangi ilitua vizuri, halafu ikaanza kufunguka, vitundu vya duara, kimoja, vitano, mia, kila mahali, kama vile chuma chenyewe kinaitema. Nikakwangua, nikapanguza na esanse, petroli ya kuyeyushia rangi, nikapiga tena. Vilevile. Alhamisi asubuhi nikapiga mara ya tatu. Vilevile! Nikamtukana muuza rangi, nikatukana esanse yake, nikatukana na upepo ambao haukuwepo. Pistole nikaitupa mchangani.

Mama alitoka jikoni, akainama, akaangalia vile vitundu.

"Rangi haiko mubaya," akasema. "Ni ndakala zangu."

Ee Mungu wangu. Ndakala! Tuliporudi kutoka ng'ambo hatukuwa na kitu. Mama alikuwa ananunua ndakala mbichi kwa wavuvi, wale samaki wadogo kama kidole, na kuwaanika juu ya kapo ile. Chuma kilikuwa kinapata joto haraka, saa sita ndakala wamekauka, safi, bila mchanga wa kusaga meno. Wanawake waliokuja kununua kutoka Kilembwe walikuwa wanawakimbilia. Mimi mwenyewe nilikaa pale na fimbo nikifukuza kuku! Miaka yote ile mafuta ya samaki yalikuwa yanaingia ndani ya chuma, na mimi kwa ujuzi wangu nimeyasambaza tu na msasa na esanse. Nilikuwa nimejiambia hii ni gari ya baba, gari ya baba, mpaka nikasahau ni nani aliyeitumia. Niliona aibu, nasema wazi.

"Utapaka mupaka Yesu arudie," mama akasema. "Toka apa. Leta majivu, leta na malimau."

Alikoroga majivu na maji ya moto, akaongeza sabuni ya mawese, akainama juu ya kapo. Nilipotaka kusaidia alinipiga kofi mkononi. Alisugua, akapitisha malimau, akamwagia maji, akanusa chuma, akasugua tena, mpaka jua likaenda upande wa milima. Alinusa mara ya mwisho akasema, "Sasa paka."

Ijumaa asubuhi nilipiga rangi. Ilitua ikatulia. Hakuna kitundu hata kimoja, na mimi mtu mzima nilikaa chini nikalia.

Jumamosi, siku ya arusi, nilimwambia kila mtu: rangi mbichi hiyo, wiki nzima hakuna kugusa. Pasta wetu, aliyekuja kutuaga, alitaka kuegemea, nikamfokea, pasta mzima. Tukapanda Fizi polepole, mama amekaa mbele na kitenge kipya, beseni lake la zawadi limefunikwa kwenye kiti cha nyuma. Wajomba walisikia moteri kabla ya kutuona. Walikuwa wamesimama barabarani wote. Mjomba mkubwa aliizunguka gari, mikono mgongoni, akarudi mbele, akavua kofia.

"Kumbe shemeji hakudanganya."

Mama alishuka. Alikunja kiti chake, akachukua beseni kutoka nyuma, akaja nalo mbele, akaliweka katikati ya kapo. Nikasikia chuma cha beseni kikikwaruza rangi yangu. Akafunua kitambaa. Ndakala.

"Bakaka zangu, mukuje mule," akasema. "Apa njo zilikuwa zinakaukia. Apa njo batoto bangu bamekulia."

Mjomba mkubwa akachota kwa mkono, akala amesimama, na hakuna aliyetania. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari kufoka. Nikaufunga.

Mkwaruzo ule bado uko pale. Naweza kuuondoa kwa nusu saa, na sitauondoa.