Picha ya Ndugu Wawili kwa Kamera Isiyo na Mpigaji

Nilisafiri kwenda Geita kwa sababu mama yangu alitaka kutuona mimi na kaka yangu Masanja katika karatasi moja. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na alisema kabla hayajafunga kabisa anataka kujua kama wanawe bado ni ndugu. Maneno yangu hayakumtosha. "Wewe utasema mmepatana ili nilale," alisema. "Picha haijui kunibembeleza."

Masanja na mimi tulikuwa hatusalimiani tangu msiba wa baba. Siku ile wazee waliniambia nikalie kigoda cha marehemu, ambacho ni haki ya mtoto mkubwa, kwa kuwa kaka alikuwa bado njiani akitoka mgodini. Alipofika akanikuta nimekaa. Hakuuliza. Baada ya matanga alirudi Geita, na Kishapu kwetu hajakanyaga tena.

Kamera nilikuwa nayo. Niliachiwa na fundi mitambo wa kiwanda cha pamba ninakofanya kazi ya kupima mizigo, alipohamishwa. Kitabu chake cha maelezo nilikisoma kwa msaada wa kamusi, jioni baada ya jioni, mpaka nikakielewa karibu chote. Shida ni kwamba mwenye kamera haonekani kamwe katika picha zake. Niliwahi kumkabidhi jirani anipige pamoja na familia yangu. Alitupiga magoti, yote kwa usawa, na jogoo mmoja mzima.

Shinyanga nilifika adhuhuri, juu ya lori la marobota ya pamba. Karibu na stesheni kuna fundi picha wa Kihindi ambaye hunisafishia filamu. Nilimweleza haja yangu. Akaigeuza kamera, akagusa kiwenzo, kijiti kidogo cha chuma kilichokuwa kando ya lenzi.

"Baba Kabula, hiki ulidhani ni nini?"

"Kitabu changu kina kurasa zilizoliwa na mchwa. Nilidhani ni pambo."

"Ni saa. Kivute mpaka chini, bonyeza, kisha kimbia ukasimame na wenzako. Italia kama nyuki. Ikinyamaza, umeshapigwa."

Alinifundisha niiweke kamera juu ya kitu kisichotikisika, niweke jiwe mahali nitakaposimama, na kila mtu awe ameshapangwa kabla sijagusa kitu. Akanipa filamu moja ya picha nane, akaniambia kwingine mbele sitaipata.

Isaka niliteremka kwenye treni kungoja lori la kwenda magharibi. Nikaona ni vyema kujaribu mtambo wangu kwa wapagazi wa stesheni, ambao walikuwa wamekaa juu ya magunia wakitaniana. Walikubali mara moja, na mara moja wakaacha kucheka. Mtu wa kwetu anaweza kucheka tangu alfajiri, lakini akiona kamera huvaa uso wa shahidi aliyeitwa barazani. Niliwapanga, nikavuta kiwenzo, nikabonyeza, nikakimbilia jiwe langu.

Wote wakageuka.

"Karibu, bwana! Mwangaluka!"

Mmoja alinipangusia gunia nikae. Mwingine akaniuliza habari za nilikotoka. Kunyamaza ni ufidhuli, kwa hiyo nikaitikia salamu zote, na nilipokuwa katikati ya kuitikia, nyuki akanyamaza. Kamera ilipata migongo na heshima nyingi.

"Kwa nini mmegeuka?" niliuliza.

"Umekuja," alisema kiongozi wao.

"Nilikuwa hapa hapa pamoja nanyi!"

"Uliondoka, ukarudi. Mtu aje tumtazame tu kama ng'ombe? Huko kwenu Kishapu ndivyo mnavyofanya?"

Mimi mwenyewe nisingefanya vingine.

Ushirombo nilipokewa na katekista mmoja anayekaa jirani na misheni, mtu mpole anayependa kila jambo lielezwe sababu yake. Safari hii nilitoa onyo mapema.

"Nikija, msinisalimie."

Katekista alifikiri. "Kwa muda gani?"

"Mpaka mlio ukome."

"Hata kiti nisimpe?" aliuliza mkewe.

"Hata kiti, mama."

Walitii, lakini kwa mateso. Nilipofika kwenye jiwe langu walikuwa wametazama mbele kama watu wanaopita karibu na wizi bila kusema. Mlio ulipokoma walinisalimia upya kwa kirefu, wakauliza hali ya nyumbani, ya mifugo na ya mvua, kana kwamba ndiyo kwanza nimeshuka kutoka Kishapu. Mke wa katekista alileta viti viwili, kimoja cha deni. Hata hivyo picha niliiamini. Nikajiwekea kanuni kwamba watu waonywe kwanza, saa ivutwe baadaye.

Njiani kati ya Ushirombo na Geita lori lilisimamishwa penye kizuizi cha mbung'o. Mtu mwenye wavu alilizunguka akiwinda nzi kwa utaratibu mkubwa, na nzi wakampisha kila upande aliokwenda. Aliona kamera, akashikilia wavu kifuani, akawa na uso wa shahidi. Nilimwambia filamu ni ya mama. Akatuachia njia, lakini bila kuaga.

Geita nilifika siku ya tatu. Nilimkuta Masanja mlangoni pa chumba chake katika kambi ya mgodi, ametoka zamu, nywele zake nyeupe kwa vumbi la mawe. Tulikuwa wanaume wazima wawili tumesimama bila salamu, na majirani wakaona haya kwa niaba yetu.

"Mama ndiye aliyekutuma?" aliuliza.

"Ndiye."

"Basi piga, uende."

Kabla sijaweka jiwe chini, akatokea mnyapara wa kambi, amevaa soksi ndefu na filimbi shingoni. Alisema kambini kwake hapigwi mtu bila yeye kujua, na njia bora ya kujua ni kuwemo. Alipigwa peke yake. Alipigwa na baiskeli. Alipigwa na baiskeli ikitazama upande wa pili, kwa kuwa kengele haikuonekana. Alipigwa akipuliza filimbi, ingawa nilimweleza kuwa picha haina sauti. Mwisho aliamuru kisanduku kiwekwe kati yangu na kaka, akakikalia. "Mimi ndiye ninayejua kupanga watu," alisema. Wote tulitulia kama magogo. Kwa sheria zote za kitabu changu, picha ile haikuwa na kosa.

Ilibaki moja.

"Kesho asubuhi," alisema Masanja bila kunitazama, "kabla ya king'ora. Nyuma ya ghala. Sitaki watu."

Asubuhi nilifika mapema. Niliweka kamera juu ya pipa, nikaikaza kwa mfuko wa mchanga, nikahakikisha jua liko begani kwangu. Kaka nilimwekea kisanduku akalie, kwa kuwa ni mkubwa. Mimi ningesimama kulia kwake, na jiwe langu lilikuwa mahali pake. Onyo la salamu sikulitoa. Mtu asiyenisalimu tangu msiba wa baba sikuona ataanzaje leo.

Nikavuta kiwenzo, nikabonyeza, nikakimbia. Ardhi ilikuwa na umande. Karibu na jiwe niliteleza, nikainama nusu ya kuanguka.

Masanja akainuka.

"Pole, pole! Karibu, kaa," alisema, akinisogezea kisanduku kwa mkono mmoja na kunishika kiwiko kwa mwingine.

Nyuki akanyamaza.

Tulibaki tumesimama, kisanduku kitupu kati yetu. Alikuwa bado amenishika.

"Imepiga?" aliuliza.

"Imepiga."

"Nimeiharibu."

"Sijui."

Akatazama kisanduku, kisha akatazama miguu yangu yenye matope. "Siku ile ya msiba na wewe ungeinuka," alisema. King'ora kikalia, akaenda.

Nilirudi kwa njia ile ile. Shinyanga fundi picha alinionyesha kazi yake kwa masikitiko. "Ya huyu mwenye filimbi ni safi kabisa. Hii ya mwisho watu wametikisika. Niitupe?"

"Ichape," nilisema.

Kwa msomaji mwenye kamera ya namna hii, nilichojifunza ni hiki: saa yake hukupa nafasi ya kufika mahali pako, lakini haiwezi kuwafundisha wenzako namna ya kukupokea. Wageni nawaonya bado. Ndugu simwonyi tena.

Kishapu mama aliipokea picha ya kwanza, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, ambalo ni bora kidogo.

"Huyu aliyekaa katikati yenu ni nani?"

"Mnyapara."

"Mtoe."

Nikampa ya pili. Aliitazama mpaka nikadhani haoni kitu.

"Masanja anafanya nini?"

"Anainuka, mama."

"Anamwinukia nani?"

"Mimi."

"Na wewe mbona umeinama?"

"Nilikuwa nakimbia, nikateleza."

"Unakimbia kwenda wapi?"

"Kwake."

Aliifunga picha katika pindo la kanga yake. Kisha akaniambia niingie ndani, nikitoe kigoda cha baba, nikipanguse vumbi, nikiweke karibu na mlango, mahali ambapo mtu anayeingia atakiona.