Chipukizi Hasemi "Amesafiri"

Bi Chipukizi amepita hamsini, magoti yake yanalalamika kila akipanda ngazi, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi amekuwa mvulana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na watoto wa mtaani kwake, kwa sababu Chipukizi ni yule kijana wa kwenye katuni ndefu ya Kijapani, anayefuata mto ambao hakuna aliyeuona mwisho wake. Kinywa cha Chipukizi kikifunguka kwenye televisheni, sauti inayotoka ni ya huyu mama anayegombana na muuza nyanya kila anapochaguliwa zilizopondeka.

Katuni yenyewe haiishi. Mto bado unafuatwa. Walioanza kuitazama wakiwa wamekaa sakafuni sasa wana watoto wao wanaokaa sakafu ileile, na Chipukizi bado ana miaka kumi na miwili, bado ana njaa, bado hasikii la mtu. Ukimwuliza Bi Chipukizi mto unaishia wapi, atakwambia Wajapani wenyewe hawajui, wanachora huku wanautafuta.

Kazi yake inafanyika katika chumba kidogo nyuma ya ofisi za kituo cha televisheni, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Anavaa hedifoni, anatazama kinywa cha katuni kwenye skrini, na anakilisha. Ndivyo wanavyosema wenyewe: kulisha mdomo. Mdomo ukifunguka mara nne, utafutie neno la kufunguka mara nne. Ukiupa fupi unabaki unatafuna hewa, ukiupa refu unafunga neno likiwa bado linatoka. Upande wa pili wa kioo anakaa fundi mitambo, mzee asiye na maneno mengi, ambaye mdomo ukishiba huinua kidole gumba, na usiposhiba hujikuna shingo.

Balaa lilianzia kwenye neno katuni. Watu wetu, chora kitu chochote, hata vita, hata talaka, watasema ni cha watoto, kwa sababu kimechorwa. Basi kituo kikaiweka Jumamosi asubuhi, mara baada ya vikaragosi vinavyofundisha kupiga mswaki. Na katuni hii si ya mswaki. Ina mikuki, ina damu, ina mpishi mlevi wa kupindukia, na mara mojamoja ina wanawake wanaocheza ngoma wakiwa wamevaa vitambaa visivyotosha kufutia meza. Siku moja mtoto fulani akajifunga shuka mabegani, akaruka kutoka ukutani kama Chipukizi, akavunjika mkono. Wazazi wakaja juu, na wala huwezi kuwalaumu. Kituo kikaunda jopo.

Jopo lilianza na pombe. Kuanzia sasa, likasema, mpishi atakunywa sharubati. Basi mpishi akanywa sharubati, akaimba, akamkumbatia punda, akalia kwa ajili ya mchumba wa zamani, akaanguka chini ya meza. Wiki ileile mjukuu wa Bi Chipukizi, msichana wa miaka tisa, aliwekewa glasi ya sharubati mezani akaisukuma mbali. "Sitaki kuanguka," alisema. Bi Chipukizi alicheka mpaka mbavu zikauma, na hilo akaliacha lipite.

Mjukuu huyo anaishi naye tangu mama yake alipopata kazi ya uuguzi mji wa mbali. Mama amesafiri, na anapiga simu kila Jumapili, na mtoto hukaa na simu mapajani tangu anapomaliza kunywa chai. Katika nyumba ile neno "amesafiri" linabeba mzigo mzito. Ndilo linalomfanya mtoto alale.

Halafu ikaja sehemu ya Mzee Kasia. Huyu ndiye aliyemfundisha Chipukizi kuyasoma maji, na ndiye ambaye kijana anampenda kuliko wote katika kundi lao la kufuata mto. Anachomwa mkuki akimkinga kijana. Chipukizi anachimba kaburi kwa mikono mitupu, anamfukia, anawageukia wenzake na kusema neno moja. Bi Chipukizi alikuwa akiingojea siku hiyo kwa hofu na hamu. Karatasi ya maneno ilipomfika, pale palipokuwa na "Amekufa" palikuwa pamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa "Amesafiri."

Akavua hedifoni. Akauliza jopo linakutana lini.

Ukitaka kujua kwa nini alilivalia njuga jambo hili, ujue kwamba baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na shangazi zake wote, kwa mapenzi mema kabisa, walimwambia baba amesafiri. Mtoto hakuwa mjinga. Aliliona begi la baba juu ya kabati, akajiuliza amesafiri na nini. Lakini wakubwa wamesema, basi akawa anakaa kizingitini kila jioni, amevaa gauni zuri. Aliyemwambia ukweli ni msichana mwenzake wa darasa, waliyegombania naye kamba ya kuruka: baba yako yuko makaburini, kila mtu anajua isipokuwa wewe. Tangu siku hiyo hakumchukia yule msichana. Alilichukia neno. Mjomba akienda mji wa jirani kwa siku mbili, yeye alilia mpaka akapandwa na homa, na hakuna aliyeelewa mtoto huyu ana nini.

Jopo lilikuwa watu watatu kwenye meza ndefu kupita kiasi. Alikuwepo mkuu wa vipindi, kijana mwenye miwani aliyekulia mikononi mwa Chipukizi kama wengine wote wa rika lake. Alikuwepo mshauri wa malezi, mama mtulivu. Na alikuwepo mwakilishi wa wazazi, ambaye alikiri tangu mwanzo kwamba hajawahi kuitazama ila amesimuliwa.

"Mama, ni neno moja tu," alisema mkuu.

"Kama ni moja tu, niachie."

Mshauri wa malezi akaingilia taratibu. "Dada yangu, nisikilize. Mtoto wa miaka minne anaamka Jumamosi, anaona mtu anachomwa mkuki. Yeye hajui kuwa ule ni mchoro. Usiku analia, na mama yake hajui kwa nini analia."

"Hapo umesema kweli, sikupingi," alisema Bi Chipukizi. "Wa miaka minne asitazame. Mjukuu wangu nilimzuia mpaka alipofika minane, na hata sasa nakaa naye kwenye kochi. Wale wanawake wa vitambaa, kateni, sitawalilia. Kuruka ukutani, wekeni onyo, tena liandikwe kwa herufi kubwa. Lakini hapa mkuki mmeuacha, damu mmeiacha, kaburi mmeliacha. Mmekata neno peke yake. Yaani mtoto aone mtu anafukiwa mchanga, halafu aambiwe kasafiri?"

"Sisi wazazi tunataka watoto wafurahi tu," alisema mwakilishi.

"Watafurahi nini? Chipukizi analia pale mpaka kamasi zinamtoka. Mkisema mzee kasafiri, watoto watadhani analilia nauli."

Mshauri wa malezi alificha kicheko kwa kiganja, kisha akamgeukia mkuu. "Mimi nilishauri ipelekwe jioni, wazazi wakiwa nyumbani. Nilisema tangu mwanzo."

"Jioni kuna mpira," alisema mkuu. "Na wenye kampuni ya maziwa, wanaotulipa, wanataka tangazo lao likae ndani ya katuni, asubuhi. Katuni ni asubuhi."

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa yamejificha, nyuma ya pakiti ya maziwa. Bi Chipukizi alisimama.

"Wako watoto huko ambao baba yao amesafiri kweli," alisema. "Mama yao amesafiri kweli. Wanahesabu siku. Mkishawafundisha kuwa aliyesafiri ni yule aliyefukiwa, mtakwenda kuwalaza nyinyi?"

Mkuu alivua miwani akaisafisha, ingawa haikuwa chafu. "Mama, nakuheshimu. Lakini tunarekodi kesho, na karatasi ndiyo hiyo. Ukishindwa, yupo yule binti uliyemfundisha mwenyewe. Sauti yake inakaribia yako."

Basi likawa limesemwa. Aliseme neno, au ampoteze Chipukizi. Usiku ule alijaribu kujishawishi. Alijiambia ana umri, ana mtoto wa kulisha, na kwamba neno ni pumzi tu. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni akalianza kwa sauti ya kijana, akaliacha katikati, akazima taa.

Kesho yake aliingia chumbani, akavaa hedifoni. Picha ikaanza. Alichimba na Chipukizi, akahema naye, akalia naye kilio kile kibaya cha kamasi, mpaka fundi mitambo nyuma ya kioo akatazama pembeni. Kijana akawageukia wenzake, kinywa kikafunguka, na Bi Chipukizi akakilisha.

"Amekufa."

Fundi aliinua kidole gumba kabla hajakumbuka kuwa mkuu amesimama nyuma yake.

"Rudia, mama," ilisema spika.

Wakarudisha picha nyuma. Akachimba tena, akalia tena.

"Amekufa."

"Mama, tafadhali. Soma kilichoandikwa."

"Hakienei," alisema. "Mdomo unafunguka mara nne. A-me-ku-fa. Lako lina mara tano, litamponyoka."

Fundi mitambo akajikuna shingo. "Hilo ni kweli, Mkuu. Halienei."

"Tutapunguza kasi ya picha."

Sasa Bi Chipukizi alivua upande mmoja wa hedifoni, akainamia maikrofoni, na akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya mama wa watu. "Mwanangu, wewe uliniambia siku ya kwanza ulipoajiriwa hapa. Ulisema yule farasi wa sehemu za mwanzo alipokufa, ulikuwa mtoto, na ulilia."

"Nililia wiki nzima," ilisema spika.

"Ukafa?"

"Sikufa."

"Basi usiwaogopee wenzio. Hawatakufa kwa neno."

Alimtazama mkuu kupitia kioo, na kijana yule alionekana kweli kama mtoto wa kwenye sakafu. Lakini alikuwa na wakubwa wake ghorofa ya juu, na wakubwa wake walikuwa na wenye maziwa. "Mama, nisamehe," alisema. "Nitamwita yule binti."

"Mwite. Na mwambie asilimumunye neno lenu, alitamke. Nisikie hata mimi nikiwa nyumbani."

Alitundika hedifoni kwenye msumari wake, akamwambia fundi kwaheri, akatoka. Unga ulikuwa umemwagika, na aliumwaga mwenyewe, kwa mikono miwili. Tusijifanye hakuumia. Njiani alitembea akisemasema peke yake, akiwatukana wenye maziwa kizazi hadi kizazi, hata akaipita kona ya mtaa wao, ikambidi arudi nyuma. Alikuwa amempenda kijana yule wa katuni. Alikuwa ameishi ndani yake alipofiwa na mume, alipougua, alipokuwa hana hamu ya kuwa mtu mwingine yeyote. Sasa kinywa kile kingefunguka na asingekuwemo.

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa, anayeishi naye, anapika. Akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni.

"Una kichwa kigumu tangu utotoni," alisema dada, akikoroga sufuria kwa hasira. "Sasa mtoto utamwambia nini? Anajivunia wewe shule nzima. Mwambie uko likizo. Baadaye atasahau."

Kabla hajajibu, mtoto akaingia na mkoba wake wa shule, kiatu kimoja kimelegea. Akashangaa kumkuta bibi yake saa ile.

"Bibi yuko likizo," alisema dada haraka.

"Hapana, dada," alisema Bi Chipukizi. Akaketi kwenye kochi, akamvuta mjukuu mbele yake. "Siko likizo. Nimeachishwa kazi leo. Walitaka niseme Mzee Kasia amesafiri, nikakataa. Jumamosi Chipukizi atakuwa na sauti ya dada mwingine."

Uso wa mtoto ulikunjamana, akalia. Dada mkubwa alimtupia mdogo wake jicho la unaona sasa. Bi Chipukizi hakumbembeleza mtoto kwa uongo wowote. Alimshika tu mikono mpaka kilio kilipopungua.

"Kwani Mzee Kasia amefanyaje?" mtoto aliuliza kwa kwikwi.

"Unataka nikuoneshe?"

Akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, magoti na yote. Akapiga magoti kwenye zulia, akachimba. Sauti ya mvulana ikatoka kwa mama yule wa makamo, ikahema, ikamwita mzee mara mbili, ikavunjika. Akafukia. Akageuka, akamtazama mtoto machoni, akalisema neno. Kule jikoni mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Mtoto alilia upya, kilio kingine sasa, cha kumlilia mzee. Alipomaliza alijipangusa pua kwa kiwiko.

"Kafa kabisa?"

"Kabisa."

"Harudi?"

"Harudi."

Mtoto alivuta uzi uliochomoza kwenye kochi. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Na mama?"

"Mama amesafiri," alisema Bi Chipukizi.

Mtoto aliinua macho, akamchunguza bibi yake usoni kwa makini, juu mpaka chini. Halafu akafunga kamba ya kiatu chake, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza nje.