Wiki Nane Bila Ugali

Mimi nilitoka shule darasa la sita. Nilibeba magunia hapa Kitale mpaka mgongo ukawa mgumu kama ubao, na leo nina mashine tatu za kusaga mahindi, mbili Kitale na moja Bumula. Mtaa mzima wa Kipsongo unakula unga wangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Naanza na hilo ili ujue ni mtu wa aina gani aliyeambiwa na daktari kwamba binti yake asile chakula kwa wiki nane.

Binti alikuwa na miaka kumi na tatu na mwili wa mtoto wa miaka tisa. Mwaka mzima aliharisha, mara nyingine damu, na tumbo likimkata alikuwa anakunja magoti na kuuma leso ya mama yake. Nilisema ni ujanja wa kukwepa shule. Nilisema hivyo mbele ya wafanyakazi wangu, nikimwita waya kwa wembamba wake, na wao wakacheka kwa sababu mimi ndiye nawalipa. Mama yake ndiye aliyempeleka kupimwa bila kuniuliza. Walimpitishia kamera tumboni, wakasema ni ugonjwa wa Crohn: mwili unayapiga matumbo yake wenyewe mpaka yanatoka vidonda.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa dada yangu wa mwisho. Alinieleza kwamba kuna maziwa ya unga ya hospitali ambayo yana kila kitu mwili unataka. Mtoto akinywa hayo peke yake, matumbo yanapumzika na vidonda vinaweza kufunga. Maji ya kunywa, sawa. Kingine hapana, hata kijiko kimoja. Yakishindwa itabidi apewe dawa kali za steroidi, na hizo zinaweza kuzuia mtoto kukua, na huyu tayari alikuwa amebaki nyuma. Baada ya hapo pengine ni kupasuliwa. Nikamuuliza kama amewahi kuona Mbukusu akiishi bila ugali. Akasema ameona watoto wa kila kabila wakiishi, akaendelea kuandika.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Wiki ya pili tukaenda Kabuchai kumwona mama yangu. Kwetu mjukuu akifika anachinjiwa kuku, na kukataa ni kumtukana aliyechinja. Mama alikuwa amemnyonyoa kuku huyo mwenyewe, na vidole vyake vimevimba. Binti akakaa mbele ya sahani na chupa yake ya maziwa, hagusi kitu. Kaka yangu mkubwa, ambaye mpaka leo analima miwa ya baba, akaona nafasi yake.

"Ati wewe ndiye unalisha watu," akaniambia. "Na wako bado ananyonya, bana."

Nyumba nzima ikacheka. Mimi sijazoea kuchekwa. Nikamgeukia mtoto, nikamwambia, "Si uombe kukhu akupe titi, hiyo chupa karibu iishe."

Wakacheka mpaka wakapangusa machozi, na mimi nikacheka kuwashinda. Mama yangu, huyo kukhu wake, hakucheka. Aliondoa ile sahani, na tulipoaga hakumpa mtoto mkono. Binti alikaa kwenye pikapu akishika chupa tupu mpaka Kitale.

Kesho yake asubuhi nikamwambia mama yake apumzike, maziwa nitakoroga mimi. Nilichukua unga wangu, ule mweupe kabisa, nikauchekecha mara mbili, nikapika uji mwepesi kama maji ya mchele na kuuchanganya na yale maziwa. Sikuona kama ni kosa. Niliona kopo la kiwandani haliwezi kushinda mahindi yaliyonijenga mimi, na kwamba akipona nitamwambia yule daktari ni nini kilimponya. Mke wangu aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba nimebadilika. Binti alikuwa anakunywa polepole akiniangalia juu ya kikombe. Akisimama katikati nilimwambia, "Maliza, au turudi Kabuchai." Alimaliza.

Wiki ya tano tulirudi hospitali. Alikuwa na homa, uzito umeshuka, damu bado inatoka. Daktari aliuliza taratibu kama kuna kitu kingine mtoto anakula. Nikamwonyesha mke wangu kwa kidole. Nikasema wanawake hawawezi kuona mtoto bila kumtia kitu mdomoni, na huyu nimemkataza mara ngapi. Mke wangu aliapa. Nikamwambia anyamaze, asiniongezee aibu. Daktari alishusha pumzi, akavuta karatasi ili aandike hizo dawa za steroidi.

"Baba ndiye hutianga unga," binti akasema. "Kila asubuhi. Mama hajui."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Angenipeleka tena wanicheke."

Nilimwambia amenivua nguo mbele ya mwanamke. Nilisema hivyo hivyo, mtoto ana homa. Daktari alimgeukia binti na kumweleza kwamba ile njia ya maziwa haijashindwa, kwa sababu haijajaribiwa sawasawa. Wanaweza kuanza tena kutoka siku ya kwanza, wiki nane kamili, naye atamwona kila wiki. Akizidiwa, dawa haitangoja. Ni yeye aliulizwa, si mimi niliyemleta kwa gari langu.

"Nitaanza tena," akasema. "Lakini huyu asiingie jikoni."

Huyo ni mimi. Nyumba niliijenga mwenyewe, na wiki nane nilikula kwenye mashine, nimesimama, vumbi la unga likianguka kwenye sahani. Habari zake nilizipata kwa mama yake, neno moja moja: homa imeisha, damu imekauka, ameongeza kilo. Maziwa yalifanya kazi ambayo mimi nilikuwa naizuia. Baadaye akaanza chakula kidogo kidogo, na sasa amempita mama yake kwa urefu. Wafanyakazi hawamwiti tena waya.

Lakini nikimpa kitu cha kunywa, hata maji ya bomba, ananusa kwanza. Namwambia ni maji tu. Ananijibu, "Sawa, baba," na ananusa tena.