Kabla sijanunua gari la mzee wa Kisumu, nilishamtukana mkewe

Mke wangu anausoma ukurasa huu kila siku, kwa hiyo admini jina langu libaki huko huko kwako. Nina miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Tanga, naishi Sparkhill hapa Birmingham na mke na watoto watatu. Kazi yangu ni ya ghalani, kupakia na kupakua. Sinywi, sichezi kamari. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: magari ya zamani ya Kimarekani, yale yenye injini kubwa ambayo ukiyawasha jirani anafungua dirisha. Mke wangu husema angejua angejipaka oili badala ya manukato.

Miaka mitatu iliyopita nilijiunga na kundi la mtandaoni la wapenzi wa magari hayo, kwa jina langu la kweli, la Kiislamu. Siku ya kwanza nikauliza swali la kabureta. Mtu akajibu, "Hapa si mahali pa kutafutia vipuri vya teksi." Wakacheka wote, maana kwao mwenye jina kama langu ni dereva wa teksi tu. Iliniuma jamani, maana swali langu lilikuwa la maana. Badala ya kuondoka, mimi mjanja nikafungua akaunti nyingine. Nikajiita Gary, jina la Kizungu, nikaweka picha ya mbwa. Swali lile lile nikaliuliza tena, nikajibiwa kwa heshima zote, kila mmoja ananiita rafiki.

Ningeishia kwenye kabureta nisingekuwa nawaandikia leo. Lakini kundi lile utani ndio chakula chake, na siasa haikosi. Mtu anaposti picha ya magurudumu tu, baada ya komenti kumi wameshafika kwa wageni, nani abaki nani arudishwe kwao. Nikaona wanaowatukana wageni ndio wanaopendwa. Nikaanza kidogo kidogo, nikanogewa. Nawakejeli wageni nikiwa jikoni kwangu, mke wangu na mtandio wake kichwani ananipakulia wali na samaki! Wallahi sikuona hata aibu.

Mle ndani alikuwemo mzee mmoja anayetumia jina la utani. Alikuwa akiwatetea wageni kwa upole, anasema naye aliingia nchi hii na sanduku moja. Siku moja akaposti picha ya mkewe, mama mtu mzima, amekaa kiti cha mbele cha gari, amejitanda mtandio wa njano, anacheka. Gari lenyewe halikuonekana, ni ndani tu. Akaandika, "Malkia wangu, safari yetu ya Jumapili." Mimi chini yake nikaandika, "Hilo pazia linauzwa pamoja na gari?" Walicheka siku mbili nzima. Mzee hakuandika tena mle ndani. Mungu anisamehe, nilijiona mshindi.

Mwaka huu fundi wangu wa Sparkbrook akaniambia kuna mzee mtaa wa Kings Heath anauza gari la aina ninayoitafuta. Nikaenda. Mlango ukafunguliwa na Singasinga mwenye ndevu nyeupe. Alivyosikia Kiingereza changu tu, akauliza kwa Kiswahili, "Wewe mtu ya pwani?" Nikamwambia Tanga, mzee. Akanikumbatia pale pale mlangoni. "Mimi mtoto ya Kisumu. Ingia! Chai kwanza, gari baadaye."

Baada ya chai pale jikoni akanipeleka gereji. Gari la bluu, limetunzwa hasa. Nilipoliwasha machozi yalinilenga. Akasema wapo wawili walitaka kumwongezea bei akawakatalia, anataka limwendee mtu wa nyumbani. Tukapeana mikono, akaniingiza sebuleni tuandikiane karatasi. Ukutani ipo ile picha. Mtandio wa njano, kicheko kile kile. Kumbe ndiye yule mzee wa kundini.

Akaona ninavyoitazama. "Mama alituacha mwaka jana," akasema. Nikampa pole. Akaendelea, "Alikuwa anapenda hii gari kuliko mimi. Halafu mtu moja huko mtandaoni, Gary, akamtukana. Binti yetu ndiye alimfungulia simu, alitaka mama aone watu wamesifu picha. Mama akamrudishia simu. Lakini kutoka siku ile, kila Jumapili nikimwambia twende, anasema kichwa inauma. Amekufa hajaingia tena."

Nilitakiwa niseme pale pale. Nisiwadanganye, nililitaka gari. Nikasaini, nikachukua funguo, nikaendesha mpaka Sparkhill nalia, watu kwenye kituo cha basi wananipungia mkono kwa sababu ya gari zuri.

Ni miezi minne sasa. Kila Jumapili mzee anakuja kwangu, namzungusha mtaani, mke wangu anampikia, watoto wanamwita babu. Akaunti ya Gary nimeifuta, toba nimeomba, lakini nikishika usukani namwona yule mama hapo pembeni yangu. Mke wangu anauliza mbona gari nimelipata na usingizi sina. Namwambia ni uchovu wa kazi.

Jumapili iliyopita tulipoegesha, mzee akanishika bega. "Wewe unajua hizi mambo za makundi, mimi nimezeeka. Nitafutie yule Gary. Sitaki ugomvi. Nataka kumwuliza tu, mama alimkosea nini?" Nikasema, "Nitajaribu, mzee." Akanishukuru! Akasema Mungu alimchukulia mke, lakini amemletea mtoto.

Keshokutwa ni Jumapili na najua ataniuliza nimefikia wapi. Nikisema kweli, namuua mara ya pili, na mtu wa kumfariji siku hizi ni mimi. Nikinyamaza, nitaendelea kula naye sahani moja huku anamsaka mtu aliyekaa mbele yake. Nitukaneni kwanza, nastahili. Mkishamaliza kunitukana mniambie kitu kimoja tu, maana mimi jibu nimelitafuta sijalipata: yule mama alinikosea nini?