Picha ya Mama Iliyoondoka na Wageni

Wakati wetu sisi ndio tulikuwa tunatazamwa. Ninyi mliokulia milimani kule Kashombo, juu ya Uvira, Kongo, mnakumbuka: kila kiangazi wageni wazungu wanafikia misheni, na mwalimu Zakaria anatupanga mstari tupigwe picha, wafupi mbele, mwenzetu Byamungu nyuma kabisa kwa sababu ya kaptula yake iliyochanika matakoni. Mama anatusugua uso kwa ncha ya kitenge aliyoitia mate. "Simameni vizuri," anasema, "msije mkafika Ulaya na makamasi."

Mwaka mmoja madamu wa Kiswidi mwenye kofia kubwa akataka kumpiga picha mama akitwanga. Na mihogo ilikwisha kutwangwa tangu asubuhi, unga uko kwenye ungo hapo hapo mbele ya macho yake. Mama akachukua mchi, akatwanga kinu kitupu, du, du, du, uso mzito kama mtu mwenye kazi. Jirani yetu Mama Feza akapaza sauti kutoka uani kwake: "Twanga, Nabintu! Twanga upepo, Ulaya wana njaa!" Mama akacheka. Hapo ndipo picha ikapigwa.

Madamu aliahidi, mwalimu akatafsiri, kwamba picha italetwa. Mama alimuuliza mleta barua, mzee Rukara, mpaka mzee akawa anapita njia ya nyuma. Masika yaliyofuata mama akafa. Picha nyingine hakuwahi kupigwa. Mimi majina ya watu nayashika yote, hata ya mbuzi wetu, lakini sura ya mama inanitoka, kila mwaka kidogo.

Sasa ni zamu yangu kutazama. Jumamosi iliyopita mjukuu wangu Grâce, aliyezaliwa hapa hapa Stockholm, alinitoa kwetu Fittja kwa treni akanipeleka mji wa kale, nione jumba la mfalme. Nje yake kijana mwenye bunduki anakwenda hatua kumi, anageuka, anarudi hatua kumi, na wala hakuna anayekuja kumwiba mfalme. Watu wanampiga picha. Nikasema, huyu naye anatwanga kinu kitupu. Nikamsogelea nimuulize jina, kama adabu inavyotaka.

"Mormor, nej!" Grâce akanivuta mkono. Mormor ndiye bibi, na nej ni hapana, kwa lugha yao. "Usimsemeshe, aibu!"

Kumbe kumuuliza mtu jina ni aibu. Kumsogezea simu puani si aibu.

Kwenye kichochoro kimoja kulikuwa na duka la vitu vya kale, na ndani yake boksi la picha za zamani. Yule madamu si alikuwa mtu wa huku? Nikaomba kiti, nikapekua. Harusi, mbwa, wazee wenye masharubu. Katikati nikakuta watu wetu: watoto kwenye mstari, mwanamke na kinu. Nikaisogeza machoni. Hakuwa mama. Nikamwambia Grâce asome nyuma, labda ni wa kijiji jirani, nitamjua. Akaigeuza, akasoma.

"Wameandika tu: mwanamke, Kongo."

Nikapekua mpaka chini. Mama hakuwemo.

Kwenye treni Grâce hakutoa simu, nikadhani anaumwa. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: "Yeye jina yake nani, mama yako?" Ana miaka ishirini na mmoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nikamtajia la mama yangu, na la mama yake, na la bibi yake, hadi kituo chetu kikatupita.

Enzi zetu picha ilikuwa moja, na hatukuiona. Hawa wa leo wanazo elfu, wanapiga hata wali, nao hawazioni. Nimemwomba Grâce achape moja kwenye karatasi, ile aliyonipiga dukani nimekaa na boksi mapajani. Nyuma nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la tatu: Faida, binti Nabintu, wa Kashombo. Najua siku moja nayo itaishia dukani. Angalau atakayeinunua atatuita kwa majina.